Sikumuuliza Dada Konsolata

Alhamisi jioni, nyumbani Pasiansi. Mawingu yametanda juu ya ziwa tangu mchana, mvua hainyeshi, joto halipungui. Chakula nimekiacha mezani.

Leo nimemuumiza mtu niliyedhani namhurumia.

Dada Konsolata ni mwenzangu katika shirika letu dogo la watoto viziwi. Kikazi namsimamia, kiumri ni dada yangu. Mama yake alipopooza, nilipigania aruhusiwe kufanya kazi akiwa nyumbani kwake Kisesa, aje ofisini Kirumba mara mojamoja. Nilijisifu sana kwa hilo.

Kisha tukapata nafasi moja ya mafunzo ya lugha ya alama, Bukoba. Nikampa Rehema, mwenzetu anayeshinda ofisini. Kwa nini Rehema? Kwa sababu alikuwa mbele ya macho yangu. Dada Konsolata ndiye anayehangaika na wazazi wasiojua kuongea na watoto wao, lakini nikajisemea: ana mgonjwa, hawezi kusafiri.

Sikumpigia hata simu.

Leo kaja ofisini, akauliza Rehema yuko wapi. Nikamwambia.

"Bukoba ni kwetu, Zuhura. Mdogo wangu angekuja kukaa na mama. Ungeniuliza tu."

Nikaanza kujitetea, eti nilimwonea huruma.

"Huruma sikukuomba."

Aliyasema taratibu. Afadhali angefoka.

Nikawapigia waandaaji wa mafunzo. Darasa limejaa, na wameshaanza.

Jioni, kabla hajaondoka, akasimama mlangoni kwangu. Kuanzia Jumatatu atakuja ofisini kila siku, kama sisi wengine. Mama atamwachia jirani. "Ukikaa nyumbani unasahaulika," akasema.

Nikamwomba msamaha. Nikamsihi asiache utaratibu wake, nikamwahidi haitatokea tena.

"Nimekusikia, mdogo wangu. Lakini Jumatatu nakuja."

Nilimpa ruhusa ya kukaa na mama yake, halafu mimi mwenyewe nikaigeuza adhabu. Na sikuwa na nia mbaya, jambo ambalo halinisaidii chochote.

Kesho kwenye kikao nitasema mbele ya wote kwamba nilikosea. Nitasema pia kuwa kila nafasi ya mafunzo itatangazwa kwa kila mtu, aliyepo ofisini na asiyekuwepo. Hilo ninaliweza.

Ila Jumatatu asubuhi yule mama atamwita mwanawe, na atakayeitika ni jirani.