Dharma, na Kivuli Kisichomwita Msafiri

Hopkins, Alhamisi, Machi 2014

Leo theluji imeanza kulegea. Tangu asubuhi maji yanadondoka kutoka paa la jengo letu, na njia ya kwenda kituo cha basi, iliyokuwa kama kioo kwa miezi minne, imegeuka tope. Sijawahi kulipenda tope kiasi hiki. Nimelikanyaga kwa viatu vyangu vya ibada na sikujali.

Nimefaulu.

Ninaliandika neno hili taratibu, maana mtu wa miaka sabini na mmoja haliandiki kila siku. Kuanzia leo ninaruhusiwa kuwa mfariji wa wagonjwa katika hospitali iliyotufundisha. Ni kazi ya kujitolea, nami sikutaka nyingine.

Wanaonisoma hapa wanajua kwamba Oktoba nilishindwa. Kwa asiyejua, mambo yalikuwa hivi. Kila mwanafunzi wa mafunzo yale hupewa neno moja la imani isiyo yake. Hulieleza mbele ya watahini watatu, kisha husema angekaaje na mgonjwa wa imani hiyo. Aliyeshindwa hurudi mara moja tu. Akishindwa tena, mlango umefungwa. Mimi nilipewa neno dharma, la Kisanskriti, lugha ya kale ya Uhindini.

Nilisimama wima, mikono ubavuni, nikasema kwamba dharma ni dini. Kisha nikasubiri swali la pili.

Atakayecheka na acheke. Miaka thelathini na minane nilifundisha darasa la kipaimara katika usharika wetu kule Moshi. Mwalimu husoma fungu, huuliza maana yake, na mtoto husimama akajibu alichokariri, neno kwa neno, kisha hukaa. Anayeongeza la kwake hurudishwa nyuma, aanze upya. Niliwarudisha wengi. Kwangu kila swali lilikuwa na jibu moja, na aliyelijua hakuwa na sababu ya kusitasita.

Mwenyekiti wa watahini, mchungaji mwanamke mwenye sauti ya upole, aliniuliza ni dini kwa mujibu wa nani. Nikamjibu kwamba ni kwa mujibu wa kamusi. Aliandika kitu, akanishukuru. Nilipokuwa kwenye basi nilikwisha kujua kwamba nimeshindwa.

Leo nakiri jambo ambalo wakati ule sikuliandika. Sikuhuzunika tu, niliona aibu, nikaona na hasira. Hapa mimi ni mzee anayekaa kwa binti yake, anayepelekwa kanisani na kurudishwa kwa gari, ambaye wajukuu husikia Kiswahili chake na kumjibu kwa Kiingereza. Kule watu walisimama nilipoingia. Nilitaka mahali pamoja tu katika nchi hii ya baridi ambapo ningeitwa tena Mwalimu.

Huo ulikuwa ugonjwa wangu, nami nilikuwa nikiomba ruhusa ya kufariji wengine.

Binti yangu Neema, muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, ndiye aliyeniondoa kitini. Aliniambia, "Baba, kazini kwetu kuna Mhindi anaongea Kiswahili kuliko wanangu. Amezaliwa Moshi. Unamwachaje peke yake na wewe upo?"

Ndivyo nilivyomjua Mzee Hasmukh. Ni Mjaini, mfuasi wa dini ya kale ya Uhindini, na marehemu baba yake aliuza vitambaa katika mtaa ninaouona mpaka leo nikifumba macho. Kiharusi kimemchukua mguu wa kushoto, lakini ulimi hakikuugusa. Siku ya kwanza nilimpelekea viazi. Alivitazama kwa huruma, akanieleza kwamba watu wake hawali kinachochimbwa, kwa kuwa kukichimba ni kuua viumbe vidogo vingi udongoni. Safari ya pili nikapeleka ndizi za kuchemsha, bila kitunguu. Alizimaliza.

"Mwalimu," akasema, "huu mtihani umeupita."

Majira yote ya baridi nilikwenda kwake Jumanne na Ijumaa, na daftari mkononi. Nilitaka anipe jibu. Yeye akanipa watu. Alinisimulia habari za mama wa Kihindu, jirani yao Moshi, ambaye kwake dharma ilikuwa wajibu, kila mtu na wake kwa nafasi yake, na pia ule utaratibu unaoushika ulimwengu usibomoke. Alikuwapo rafiki yake Mbudha wa siku za chuo huko Bombay. Kwa huyo dharma ilikuwa mafundisho ya Buddha na, jambo lililonishangaza, vilevile chembechembe za yale yote yanayopita katika fahamu, moja baada ya nyingine. Alikuwapo na fundi Singasinga aliyejenga duka la baba yake. Huyo aliihesabu dharma kuwa uadilifu, na daraja la kwanza la roho inayopanda kumwelekea Mungu.

Nikamwuliza, na kwenu Wajaini je? Kalamu ilikuwa tayari.

Alisema kwao ni kutodhuru chochote chenye uhai. Nikaandika. Kisha akaongeza kwamba wanayo dharma nyingine, ambayo si wema wala si ibada. Ni kitu kisichoonekana kilichoenea ulimwenguni kote, na bila hicho hakuna kinachoweza kusogea. Hakisukumi. Kipo tu, kama maji kwa samaki. Maji hayamwogeleshi samaki, lakini pasipo maji samaki hafiki popote.

Na adharma, kinyume chake? Nilikuwa na hakika atasema ni uovu, kama wasemavyo Wahindu.

"Uovu pia," akasema. "Lakini kwetu iko ile inayokuwezesha kutulia. Kama kivuli cha mti. Kivuli hakimwiti msafiri, Mwalimu. Akichoka, kipo."

Nilibishana naye wiki mbili. Nilimwambia kwamba mimi ni Mkristo, nitakufa Mkristo, na kwamba ulimwengu unashikwa na mkono wa Bwana. Akaniuliza ni nani aliyenikataza. "Shika wa kwako," akasema. "Mimi nilikuwa nakuonyesha wa kwangu. Hebu lete ndizi."

Leo, mbele ya watahini, niliomba kiti.

Nikiwa nimekaa, niliwaeleza habari za mama wa Kihindu, za Mbudha, za fundi na za Mzee Hasmukh, kwa Kiingereza changu kizito, bila haraka. Mwenyekiti akauliza ningemwambia nini mgonjwa anayelitaja neno hilo kitandani. Nilisema kwamba sijui. Katika miaka thelathini na minane sikuwahi kulitamka neno sijui mbele ya darasa. Nikasema ningemwuliza dharma kwake ina maana gani, kisha ningesikiliza. Akitaka kusogea, nisimsukume. Akitaka kutulia, nisimwite. Imani yangu ningeingia nayo, kwa kuwa sina nguo nyingine, lakini nisingemvika yeye.

Mwenyekiti aliweka kalamu chini.

Nilisubiri nje nusu saa. Nilipoitwa, wote watatu walikuwa wamesimama. Mchungaji yule alisema alisoma katika fomu yangu jinsi wanafunzi wangu walivyoniita, akaniomba ruhusa aniite hivyo. Akalitamka neno Mwalimu vibaya kabisa, nami sikumrudisha nyuma.

Bwana na asifiwe. Nililia, sina sababu ya kuficha.

Ingawa haikuwa siku yake, nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Hasmukh kumwonyesha kitambulisho changu. Alikitazama mbele na nyuma. Akasema picha imenizeesha, akauliza kama kitambulisho hicho kinaponya miguu. Nikamwambia hakiponyi. Akasema basi tutembee. Kwa wiki nzima alikuwa amewakatalia wauguzi. Akashika fremu yake ya kutembelea, akainuka, tukaenda ukumbini, hatua moja na nyingine, hadi dirisha la mwisho. Nilikuwa kando yake. Mikono yangu niliiweka nyuma.

Dirishani tulisimama, tukitazama maji yakitiririka barabarani. Neema alipita, akatuona, akaendelea na kazi yake.

Kesho saa tatu asubuhi nina mgonjwa wa kwanza. Sijui jina lake wala imani yake. Nitabisha hodi, nitaomba kiti, nitauliza.