Nusu Saa ya Reli Kila Asubuhi

Mwaka mzima umetimia, mzee wangu, tangu ulipokwenda hospitali kwa miguu yako mwenyewe, shati umechomekea, ukaniambia utarudi kabla ya saa sita kwa sababu kuna mteja mmeahidiana. Mteja alikuja. Alikaa kwenye benchi mpaka saa nane, akaondoka na nywele zake. Msibani alikuja hajanyoa, na mwezi uliofuata hakunyoa, anasema hajui sasa ampelekee nani kichwa chake.

Watoto wamesema niandike mimi kwa niaba ya wote. Wakasema, Mama, andika kwa kifupi. Nimejaribu, lakini mambo yako hayafupishiki, na mengine mpaka leo sijayaelewa.

Ulikuwa kinyozi miaka thelathini na nne. Kiti kimoja, kioo kimoja chenye ufa pembeni. Mgonjwa aliyeshindwa kutoka ulimfuata kwake, mashine ukiwa umeitia kwenye mfuko wa nailoni, ukamnyoa kitandani, kisha ukamshikia kioo ajione. Mtoto aliyelia kitini ulimpa kitana ashike, na akizidi kulia ulimnyoa upande mmoja ukamwambia mama yake amlete kesho. Mama mmoja aligomba, mwanangu nitatembea naye vipi na kichwa nusu. Ukamjibu kwa upole, "Kichwa hakiendi popote, mama. Kesho tutakikuta."

Hukuwa mtu wa haraka, wala hukuwa mtu wa maneno mengi nyumbani. Ulikunja leso mara nne. Ulipiga pasi suruali zako mwenyewe, hata mimi niliye mshonaji ulikuwa huniamini kwenye mkunjo wa mbele. Hayo yote nayaelewa. Mtu ana tabia zake.

Treni ndiyo sijaielewa.

Kwa wanaosoma bila kukujua, nieleze. Si treni ya kupanda. Ni treni ndogo, kichwa chake kinaenea kwenye kiganja, kina mabehewa matatu, na kinakwenda kwa umeme juu ya reli zilizopigiliwa mezani. Ililetwa na mteja aliyekuwa anahama, akaacha boksi kinyozini akasema atalifuata. Ulimngoja miaka miwili. Hakuja. Siku uliyolifungua ulikuja nalo nyumbani umelikumbatia kama mtoto mchanga, na hiyo ni miaka kumi na tisa iliyopita.

Hukuwahi kufanya kazi ya reli. Baba yako hakuwahi. Kwenu wote ni wakulima na vinyozi. Nilikuuliza, hamu hii umeitoa wapi? Ukasema, "Hata mimi nashangaa." Nikangoja umalizie. Ukawa umemaliza.

Chumba cha wageni ukakijaza meza. Dada yangu akaja kututembelea, nikamtandikia sebuleni. Akauliza, "Kwani humo ndani kalala nani?" Nikamwambia, humo kuna treni. Akaniuliza kama siku hizi nakula vizuri.

Na ilikuwa kila siku. Hiyo ndiyo iliyonichosha akili. Saa kumi na mbili na nusu unaingia, saa moja kamili unatoka, unakwenda kazini. Una homa, unaingia. Siku ya harusi ya binti yetu uliingia na suti, tai umeitupia begani isidondokee gundi. Na kila siku ulifanya jambo moja tu. Ukibandika mti mmoja, umemaliza. Ukipaka rangi mlango wa stesheni, umemaliza, hata kama mkono bado unawasha. Nilikuambia, si ukae Jumapili moja umalize yote tupumzike? Ukasema, "Ukishiba leo, mama watoto, kesho utaichukia. Kidogo kidogo, kila siku, ndiyo inakuwa yako." Hapo nilikuelewa kidogo, maana hata mimi sketi ya marinda siishoni kwa kikao kimoja. Lakini sketi ikiisha inavaliwa. Treni ikiisha je?

Halafu misitu. Ulikusanya nywele ulizofagia kinyozini, ukazichemsha na rangi ya kijani kwenye sufuria yangu ya maziwa, ukazianika, ukazibandika kwenye vijiti. Nikawa na vichwa vya mtaa mzima ndani ya nyumba yangu. Siku moja ulimleta rafiki yako fundi redio, ukamwonyesha kilimani. "Ule msitu pale ni wewe," ukamwambia. "Wa mwezi wa tatu."

Akainama, akatazama. "Mbona mwembamba hivi?"

"Nimeweka nilichopata, ndugu yangu."

Mlicheka mpaka mkashikana mabega. Mimi nilikuwa mlangoni na kikombe chako cha chai.

Nilikuuliza siku ile ile, baada ya yeye kuondoka. Nikasema, inakwenda wapi hii?

"Inazunguka."

Inazunguka kwenda wapi?

"Inazunguka tu, mama watoto. Tazama, inarudi."

Nikatazama. Ikarudi. Nikaenda jikoni.

Niseme na hili, maana nimelibeba mwaka mzima. Nilikuwa na wivu. Nilikuwa najua una nusu saa moja tu ya utulivu kwa siku, na hukunipa mimi. Nikasema moyoni, mtu mzima mwenye wajukuu, anacheza, mimi nimesimama na chai. Sikukuambia. Labda ulijua. Hukusema.

Ulipoondoka nilifunga kile chumba siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili nikaamka, saa kumi na mbili na nusu ikafika, miguu ikanipeleka. Nikapangusa vumbi mezani kwa ufagio wa manyoya. Kesho yake nikapangusa tena. Siku ya tatu nikabonyeza swichi, nikakaa kwenye kigoda chako, nikaitazama inazunguka mpaka saa moja. Usiniulize kwa nini. Mwanao mkubwa, dereva wa lori, alilala kwetu akaamka akanikuta. Akasema, "Mama, unacheza?" Nikamjibu sichezi. Akauliza, "Sasa unafanya nini?" Nikamwambia kaoge.

Nikaendelea hivyo miezi minne. Kisha ikaanza kushtuka-shtuka. Inakwenda, inasita, inalia nyii, inakwenda. Mimi ni mtu wa cherehani. Chombo kikilia kinataka mafuta. Nikachukua chupa yangu ya mafuta ya cherehani na kitambaa laini, nikapaka reli nzima, duara lote, kila kona, chini ya daraja mpaka ndani ya lile tundu la mlima, kazi ya saa moja na nusu. Zikang'aa. Nikafurahi, nikasema angeniona leo.

Nikabonyeza. Kichwa kikaunguruma, magurudumu yakazunguka palepale, taa yake ikapepesa mara mbili, ikazimika. Nikabonyeza tena. Kimya.

Nilidhani imekufa, mzee wangu. Nilidhani imechoka na mimi, imekufuata. Fundi redio yuko nyumba ya tatu kutoka kwetu, lakini sikumwita, kwa sababu nilijua ataniambia imekufa, na asiyeambiwa bado hana msiba wa pili. Sikumwambia mtu. Nikaendelea kuingia kila asubuhi, nikakaa mbele ya treni iliyosimama nusu saa, nikatoka. Miezi ikapita hivyo. Najua haina maana. Nilikuwa nakaa pale nikijiuliza, sasa hapa namngoja nani?

Mwezi uliopita kitindamimba wako, muuguzi, akaja na habari. Mume wake amepelekwa kazi mbali, mimba yake ina miezi saba, anataka kurudi nyumbani ajifungulie kwetu. Nilifurahi, naapa. Kisha tukaanza kuhesabu vyumba. Kaka yake anapofika na watoto wake wanajaza sebule, na kile cha uani kinavuja. Kikabaki chako.

Mwanao mkubwa akafungua mlango, akabonyeza swichi, akasubiri. "Mama, hii imekufa," akasema. "Chumba kipo. Tunabishana nini?"

Nikasema hatubishani.

"Basi fundi redio aje Jumamosi achukue anachotaka, mbao nitazitoa mimi."

Nikasema sawa. Dada yake alinitazama machoni akauliza, "Sawa ya kweli, Mama, au sawa ya kinywani?" Nikamwambia sawa ni sawa. Mimi mwenyewe sikujua ni ipi.

Jumamosi fundi redio akaja na boksi lake tupu. Hakulijaza. Alipitisha kidole kwenye reli, akakitazama, akakinusa.

"Shemeji," akasema, "nani kapaka mafuta hapa?"

Nikasema ni mimi.

"Yote?"

Yote, nikasema. Mpaka ndani ya mlima.

Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Nilitaka kukasirika, nikaona machozi yanamtoka na si ya kicheko peke yake. Akaniambia, "Treni hii inakula umeme kwenye reli, shemeji. Ukiipaka mafuta umeiziba mdomo, na miguu inateleza. Haijafa. Ina njaa." Akaomba spiriti na vitambaa vikavu. Akasema, "Lakini si ulikuwa unamwona mzee? Kila asubuhi alikuwa anafuta reli kabla hajawasha. Mwenyewe aliniambia, robo saa ya kufuta, dakika kumi za kubandika, dakika tano za kuitazama. Usipofuta, mwishowe haitembei."

Kile kitambaa mkononi mwako nilikiona miaka yote ile. Nilidhani unapangusa vumbi. Nilidhani nusu saa yote unacheza, kumbe ulikuwa unafagia, kama kinyozini. Dakika tano tu ndizo zilizokuwa zako. Nilizionea wivu dakika tano. Sijui sasa wivu wangu niuweke wapi, na sijui kama nikuombe msamaha au nikugombeze kwa kutoniambia.

Tukafuta. Fundi upande huu, mimi upande ule, mwanao akashika taa. Vitambaa vinne vikawa vyeusi. Binti yako akaja akasimama mlangoni, ameshika kiuno. Fundi akabonyeza swichi.

Ikaenda.

Ilizunguka mara tatu. Kisha binti yako akasema, "Basi iacheni. Mimi nitalala sebuleni."

Kaka yake akasema, "Na mtoto alale wapi, stesheni?"

"Alale kwako kwenye lori."

Wakacheka, kisha wote watatu wakanigeukia mimi. Ilipokuwa imekufa nilikuwa na nafuu, maana hakuna aliyetakiwa kuchagua. Sasa inatembea, na mjukuu wako yuko tumboni pale mlangoni, na kila ninachosema kinamtoa mmoja. Kichwa kilinizunguka kuliko hiyo treni. Nikamwomba fundi aizime nifikiri, akaizima, na sikuweza kufikiri. Nikasikia mdomo wangu unamwambia mwanao achukue futi, apime chumba changu mimi.

Akaenda, akarudi. "Meza haiingii, Mama. Kuna kitanda."

Nikasema, kitoe.

"Kitanda chenu? Cha Baba?"

Nikamwambia, mpe dada yako. Ni kipana, atalala na mwanawe. Mimi niletee kile chembamba kilichoko kwako stoo.

Mwanao alisimama na futi mkononi, ameinamisha uso, anaikunja na kuikunjua. Binti yako akaanza, "Mama, huwezi..." fundi redio akamgusa mkono.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo, mzee wangu, nakuarifu. Kitanda tulicholala miaka arobaini na moja kimepitishwa mlangoni kwa ubavu, kimekwaruza fremu, na sasa kiko chumba cha wageni kikimngoja mtoto. Mimi nalala kitanda cha futi mbili na nusu, nimesogea ukutani. Meza yako imeingia yote, imekaa pale pale ulipokuwa unalala. Nikigeuka alfajiri mkono wangu unagonga mguu wa meza, nasema samahani, kisha nakumbuka.

Sijui kama nimefanya vizuri. Jirani mmoja anasema nimekutoa kitandani mwako. Dada yangu anasema ndiyo kwanza nimekurudisha. Nawasikiliza wote wawili, na kila mmoja akiongea namwona ana haki. Labda wewe unajua.

Leo asubuhi nimefuta reli robo saa, kila kona, bila mafuta. Kisha nikawasha, nikakaa kitandani, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane nikazichukua zile dakika tano zote, mimi na wewe, upande wako na upande wangu.

Unakumbukwa na mkeo mshonaji. Na kifunguamimba wako dereva, mkewe na watoto wao watatu. Na kitindamimba wako muuguzi, mumewe aliye mbali, na mtoto aliye njiani. Na shemeji yako aliyelala sebuleni. Na rafiki yako fundi redio. Na wateja wa kiti chako, walionyolewa na wanaongoja.

Hatujakusahau, wala hatujui mtu kama wewe anasahauliwa vipi.