Sikukutuma, Wifi

Jumatatu, 5 Mei. Kibiti
Kliniki ya watoto tangu asubuhi. Mizani imekufa tena, tumetumia ya kuazima. Mama mmoja kaleta mtoto mzima kabisa. Hana homa, hana kuhara, kanenepa vizuri. Nikamuuliza, sasa umeleta nini? Akalia. Nikafunga mlango nikakaa naye mpaka foleni ikaanza kugomba huko nje. Kumbe mgonjwa ni yeye. Usingizi haupati tangu ajifungue na nyumbani hana wa kumwambia.
Matroni aliniona. Jioni kaniita, swali lake lilelile: nitakwenda kusomea unasihi au siendi? Kituo chetu hakina mnasihi hata mmoja. Nafasi ipo, anasema, na jina lililo kichwani mwake ni langu. Kukaa na watu wenye mizigo moyoni, kuwasikiliza, pasipo sindano wala vidonge. Jibu analitaka kabla mwezi haujaisha.
Mie mnasihi! Na mdomo huu!

Jumatano, 7 Mei
Matroni kanipa kitini nikasome. Mkae mkitazamana. Usimkatize mteja. Usimpe ushauri. Anachokuambia kibaki hapo.
Loo. Kwetu ukimsikiliza mtu usimpe ushauri atasema umemnunia.
Sijui. Naitaka kazi hii na naiogopa. Naitaka kwa sababu ya yule mama wa Jumatatu, alivyotoka mlangoni mabega yameshuka kama aliyetuliwa mzigo. Naiogopa kwa sababu najijua. Mie ni mtu wa kusema. Nikikaa kimya dakika mbili watu wanauliza kama naumwa.
Likizo inaanza keshokutwa. Nakwenda Mbwera. Mpunga umetoa masuke, ndege wanaumaliza, na watu wa kuamia, wa kuwafukuza, hawatoshi. Kaka Saidi alikuwa akiamia shamba zima peke yake. Alifariki Desemba, homa tu. Mkewe Hadija ndiyo kwanza katoka eda.

Jumamosi, 10 Mei. Mbwera
Boti ilingoja maji yajae Nyamisati, na sisi tukaingoja boti. Nimefika nimelowa mpaka kwenye mkoba.
Shangazi Siwema mzima, ulimi ndiyo kabisa. Nimemweleza habari ya Matroni. Kacheka mpaka akashika nguzo. "Yaani watu wakulipe kwa kusikiliza umbea? Mbona mie nimefanya bure maisha yangu yote!"
Hadija kakonda. Kanipokea mzigo, kaniandalia maji ya kuoga, kapika wali na kamba wa nazi. Maneno hana. Shangazi anasema ndivyo alivyo tangu maziko. Anaitikia, anafanya kazi, anamwogesha mwanawe Rehema, analala. Hasemi jambo.
Nimepata wazo. Nitamjaribia unasihi wifi yangu. Nikiweza kwake, nitamjibu Matroni ndiyo.

Jumapili, 11 Mei
Nimeaibika. Nilitandika mkeka, nikamwita, tukakaa tukitazamana kama kitini kinavyotaka. Nikalainisha sauti. "Unajisikiaje, wifi?"
"Salama."
"Moyoni, nasema."
"Alhamdulillahi."
Kanitazama kama nimekuja kumwomba kura. Nikamwambia mficha uchi hazai. Kasema kweli wifi, kisha kaenda kuosha sufuria ambazo zilikwishaoshwa.

Jumanne, 13 Mei
Siku nzima juu ya dungu la kuamia na Hadija. Lile dungu alilijenga Saidi, nguzo ndefu, makuti bado yanafaa. Ukikaa juu unauona mpunga wote mpaka kwenye mikoko. Kamba zimefungwa makopo, ukivuta hapa yanalia kule. Kwelea wanashuka kama mtu kamwaga kapu la mchanga. Unavuta, unapiga kelele, unarusha bonge la udongo kwa kombeo. Wanahama, wanazunguka, wanarudi. Washenzi wale.
Sauti ya Hadija nyumbani huisikii. Juu ya dungu, Mtume! Kapiga "Hiyaaa!" nikadhani kuna chui.
Adhuhuri kaanza kusema mwenyewe. Macho yako shambani, yangu pia. Kasema Saidi alikuwa akikoroma, na sasa nyumba ni kimya mno, hapati usingizi. Hiyaaa! Kisha kasema alimgombeza kwa kukoroma. Hiyaaa! Mie nikavuta kamba tu. Kitini kimekosea. Huyu hataki kutazamwa.

Alhamisi, 15 Mei
Leo kasema neno zito. "Natamani kurudi kwetu Maparoni, wifi. Nyumba ile kila nikigeuka namwona Saidi."
Sikumkatiza. Sikumpa ushauri. Nilijisikia mtu. Nikawaza, kumbe naweza.
Huku mke hawaendei wakwe na jambo kama hilo. Anamwambia wifi, wifi analifikisha. Ndivyo mama yangu alivyofanya enzi zake, ndivyo shangazi alivyofanya ukweni kwake. Wifi ukiambiwa, umetumwa. Kanichagua mie, na nimeona fahari.
Baada ya isha nimemfikishia shangazi. Kateremsha utambi wa taa. Kisha kasema, kama ndilo neno lake, hatumfungi kamba.

Jumamosi, 17 Mei
Mambo yanakwenda mbio. Shangazi keshapeleka habari Maparoni, kaka yake Hadija aje amchukue. Kuna mtu atalisimamia shamba. Na Rehema atabaki. "Mtoto ni wa kwetu," kasema shangazi, hakupandisha hata sauti. Kwake hilo si la kujadili.
Hilo la Rehema sikulifikiria. Nimemwomba shangazi twende taratibu. Kaniambia ujumbe niliuleta mwenyewe, sasa nini tena?
Jioni nimemwona Hadija nyuma ya nyumba anapanda bamia. Nimesimama nikimtazama. Mtu anayehama hapandi bamia. Nilitaka kumwuliza, nikakosa pa kuanzia, nikamsaidia kubeba maji. Mwoga mie.

Jumatatu, 19 Mei
Siku mbaya.
Kaka yake kaja na maji ya asubuhi, na mifuko mitupu ya kufungia vyombo. Hadija alikuwa anatoka kisimani. Kamwona, kafurahi, ndoo kaiacha njiani. Alidhani kaja kutembea. Yule bwana kamwambia ajiandae, maji yakijaa jioni wanaondoka. Hadija kacheka kwanza. Kisha kaiona mifuko. Kamwona shangazi kamshika Rehema mkono.
Hakumtazama kaka yake. Kanitazama mie.
"Wifi, mie nilikuwa nasema tu. Sikukutuma."
Kaingia ndani kafunga mlango. Rehema akaanza kulia, shangazi akambembeleza, kaka mtu akauliza kwani kuna nini. Mie nikaenda jikoni. Nimekaa mbele ya mafiga yasiyo na moto, nataka ardhi inimeze. Mtu kafungua moyo mara moja tangu afiwe, na mie nikaubeba nikauweka uwanjani. Sasa anapoteza nyumba, shamba na mtoto siku moja, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza.
Maji yalikuwa yamekwishaanza kupanda kwenye kijito. Nikatoka. Nikapiga magoti pale uani mbele ya shangazi na yule bwana. Nikasema kosa ni langu. Hakunituma. Yalikuwa maneno ya moyo, mie nikayafanya ujumbe.
Shangazi kawaka. "Mtu mzima, muuguzi, hujui ujumbe na maneno! Na mie mbele za watu nionekane nafukuza mjane!" Nilikubali yote. Alipotulia akasema, haya, mjumbe hauawi. Nikamwambia shangazi, mie sikuwa mjumbe.
Kaka yake ndiye aliyekwenda mlangoni. Kabisha hodi kwa adabu, kamwuliza dada yake anataka nini yeye mwenyewe. Tukangoja. Jibu likatoka ndani, sauti ya dungu ile.
"Nataka nivune mpunga wangu!"
Hivyo tu. Shangazi kaachia mkono wa Rehema. Yule bwana kala, kaswali, kaondoka na mifuko yake. Shangazi kamfungia kamba wakavu wa njiani, kwa aibu.
Hadija hakutoka mpaka giza. Nikamwomba samahani, kapita mbele yangu kama mie ni upepo.

Jumanne, 20 Mei
Nimekwenda mpaka penye mtandao, nimempigia Matroni. Nimemwambia siendi. Nimemwambia nimejipima na sifai, mdomo umeniponza.
Kasema hili ni jibu la hasira na yeye majibu ya hasira hapokei. Nimpigie ikiisha.
Sijui itaisha lini.

Alhamisi, 22 Mei
Peke yangu juu ya dungu. Hadija anaamia upande wa pili, kasimama chini juani, hataki kupanda. Kwelea wengi, mikono imechubuka kwa kamba.
Leo nimemkasirikia na yeye. Angesema neno moja, wifi hili libaki hapa. Nimegomba peke yangu mpaka ndege wakanikimbia. Halafu nikakumbuka yule mama wa kliniki. Yeye hakuniomba nifunge mlango. Niliufunga mwenyewe.
Sina hamu ya kula.

Ijumaa, 23 Mei
Mvua ya kutwa. Ndege hawakuja. Nimesuka ukili wa mkeka na Rehema. Ananiuliza kwa nini mama yake haongei na mie. Nimemwambia nilikosea. Akasema basi omba samahani. Nikasema nimeomba. Akasema omba tena.

Jumapili, 25 Mei
Asubuhi nilikuwa juu ya dungu. Nikasikia ngazi inalia. Hadija, na chupa ya uji na vikombe viwili. Kakaa ubavuni, uso shambani. Nikamwambia, nisamehe wifi. Kasema wanatua kule kwenye kona, vuta.
Nikavuta.
Tumekunywa uji. Jua lilipokuwa kichwani kaanza kusema. Si kama mara ile. Mara ile alichovya kidole tu. Leo kasema mpaka sauti ikakatika, kalia, kapiga kelele za ndege hapohapo na machozi, kasema tena. Sikumwuliza kitu. Kuna mahali ulimi uliniwasha, wallahi, neno lilikuwa tayari mdomoni, neno zuri kabisa. Nikalimeza na uji uliopoa. Nikavuta kamba.
Aliponyamaza hakusema libaki hapa. Kanawa uso kwa maji ya chupa, kashuka kwenda kuwasha moto.
Nami nikalia kidogo, alipokwisha fika mbali. Kwa Saidi. Nilikuwa sijamlilia kaka yangu vizuri.
Magharibi shangazi alikuwa ananingoja uani, kigoda kakivuta karibu na changu. Alikwishaona kutoka mbali kwamba tulikuwa wawili juu. "Kasemaje?" akauliza.
"Kasema kwelea wamepungua."
Kanikazia macho. "Kutwa nzima mnazungumza kwelea?"
"Ndiyo, shangazi."
Kamenya chungwa zima. Kisha kanipa nusu. Hadija alikuwa jikoni, katupa mgongo. Mwiko ulisimama kidogo ndani ya sufuria, kisha ukaendelea.

Jumatano, 28 Mei
Mpunga wa mwanzo umeshaanza kuwa wa njano. Hadija anasema wiki ijayo wataanza kukata upande wa kijito. Bamia zimechipua. Baadaye huenda akahama, huenda asihame. Atasema mwenyewe kwa watu anaotaka waambiwe.
Nimempigia Matroni. Nimemwambia hasira imekwisha na nakwenda kusoma. Kafurahi. Kauliza nini kimebadilika. Nikamwambia kwelea wamepungua. Kadhani mtandao unakatika, kaniambia rudia. Nikasema nitakuja tuzungumze.
Bado naogopa. Miaka ya kukaa darasani, umri huu, na mdomo huu sitaupata mwingine. Lakini naitaka.
Shangazi keshawatangazia majirani kwamba mwanawe anakwenda kusomea umbea. Nimemwacha.
Kesho narudi Kibiti na maji ya alfajiri. Hadija kanifungia mchele wa mwaka jana na kamba, na kaniambia nikirudi nije na kombeo la mpira, hili letu limechoka. Sasa hivi anamlaza Rehema. Namsikia hapa akimwimbia.
Aliyoniambia Jumapili juu ya dungu sikuyaandika siku ile. Leo nina kalamu, nina taa, nina ukurasa mzima mtupu, na hakuna anayesoma humu ila mie.
Siyaandiki. Hakunituma.