Mwaa Mwekundu Kwenye Ukili

Mjukuu wangu Yusta,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku Mgeta mvua inanyesha vizuri, njegere zimekubali, na babu yako anakohoa kidogo tu.

Umeniandikia kwamba kirusi cha tetekuwanga hujificha mwilini miaka mingi, kisha huamka kikaleta mkanda wa jeshi. Kinaponakili DNA yake, nakala hutoka zimeungana kama uzi mmoja mrefu. Uzi hukatwa penye alama, na kila kipande hushindiliwa kwenye ganda lake. Ukaniuliza kama nimeelewa. Nimeelewa, mama, kwa sababu ya ukili, ule utepe wa miyaa ya ukindu unaoshonwa kuwa mkeka.

Biashara huria ilipoingia nilikuwa mchumba wa babu yako, nikisuka ukili wa kuuza mjini. Unasuka mrefu bila kukoma. Kila kipimo kikitimia unachomeka mwaa mmoja wa rangi nyekundu; hapo ndipo unapokata, na kila kipande unakishindilia kwenye kikapu chake.

Ndipo mkanda ukanitoka ubavuni. Watu wakanong'ona kwamba ni ukimwi, wasukaji wenzangu wakahama mkeka. Mama yake babu alipokuja, nilijua amekuja kuvunja uchumba.

Akaketi, akashika ncha ya ukili. "Sogea, mwanangu. Mbona umeniachia uwanja wa mpira?"

Tukasuka pamoja. Kisha akasema, "Mwekundu huo umefika. Kata, tuanze ukili wa mkeka wa arusi."

Hata leo sijui aliamini nini kuhusu ugonjwa wangu. Najua tu kwamba aliketi upande ule ule wenye malengelenge.

Mungu akutunze huko uliko.
Bibi yako