Baga Nyuma ya Mwavuli

Habari yako, Ekiru.

Nimeandika salamu hiyo kisha nikaweka kalamu chini, kama mtu anayengoja kuitikiwa. Unakumbuka tulivyozoea. Wewe Mkristo ulinipa salaam aleikum, mimi Mwislamu nikakujibu kwa habari ya leo, kila mmoja akimpa mwenzake salamu ya nyumbani kwake. Watu wa soko walidhani wazee wawili wamechanganyikiwa. Sasa kila mtu mjini ananisalimia sawasawa, na kila ninaposalimiwa sawasawa nakumbuka kwamba tumekuzika.

Nakuandikia kwa sababu ya baga. Cheka tu. Mwalimu mstaafu wa kemia, mzee wa kamati ya msikiti, badala ya kukuandikia mambo ya maisha na mauti anakuandikia habari za skonzi iliyotiwa nyama katikati. Lakini nisikilize kwa subira, kama nilivyokusikiliza wewe miaka yote ile ukinieleza pepo za kusi.

Tangu uondoke sikuwa na hamu ya chakula. Nilikula kwa sababu saa ya kula imefika. Watoto wananipigia simu kutoka Nairobi wakiuliza, "Baba, umekula?" nami najibu nimekula, na ni kweli, ila nikiulizwa nimekula nini lazima nifikirie. Hata Ramadhani ilipita hivyo. Kisha juzi juzi, nikiwa nimekaa nje ya nyumba hapa Wabera nasikiliza redio, ikanijia bila hodi: baga ya Halima. Nikasikia harufu ya mafuta ya nundu yakiungua kwenye chuma, na mate yakanijaa mdomoni. Nilifurahi, Ekiru. Nilidhani mwili wangu umesahau kutamani. Nikachukua simu nikupigie nikuulize, "Mwalimu, hali ya hewa ikoje?" kwa sababu hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu, nawe ungejibu, "Nzuri kwa safari," na baada ya muda mfupi ungekuwa langoni juu ya bodaboda. Nikairudisha simu mfukoni. Hamu haikuondoka.

Ngoja nieleze kitu, ingawa ulizoea kuniambia naeleza hata pale ambapo hakuna aliyeuliza swali. Nyama ya ngamia ni kavu. Ukiisaga peke yake na kuiweka motoni inakaza, inakuwa kama soli ya kiatu. Halima anaichanganya na mafuta ya nundu. Mafuta hayo ni magumu yakiwa baridi, kwa hiyo hayakimbii mara moja. Yanayeyuka polepole ndani ya nyama na kuilainisha, huku nje ikiungua na kufanya ganda. Kisha anapasua skonzi na kulaza pande zake za ndani kwenye mafuta yale yale mpaka ziote ukoko wa kahawia. Ukoko huo unazuia mchuzi wa nyama usiloweshe mkate. Lakini hauzuii kwa muda mrefu. Mvuke unapanda, ukoko unalegea, na kilichokuwa baga kinageuka kuwa kitu cha kulisha mgonjwa. Ndiyo maana baga ya Halima huliwa pale pale, ikiwa moto, umesimama.

Na hapo ndipo palipokuwa na shida. Kibanda cha Halima kiko ukingoni mwa barabara, mkabala na msikiti, hakina ukuta wala kiti. Na kwetu, mzee hali mbele ya macho ya wapita njia. Chakula ni jambo la ndani. Mtu mzima anayetafuna barabarani huonekana hana nyumba, au hana watu wa kula naye. Nimefundisha watoto kwamba maji ni haidrojeni na oksijeni, nimesafiri, nimesoma, lakini siku ile ya kwanza nilishika baga ndani ya karatasi yake na mkono ukakataa kupanda mdomoni.

Hukunicheka. Wewe ambaye ungeweza kula mbuzi mzima katikati ya barabara kuu hukunicheka. Ulifungua ule mwavuli wako mkubwa wa kijani uliopewa kwenye maonyesho ya kilimo, ule wenye ubavu mmoja uliovunjika, ukausimamisha mbele yangu kama pazia. Jua lilikuwa linachoma, wingu hakuna hata la kusingizia. "Kula, Jarsa," uliniambia. Uliniita mzee kwa lugha yangu hata kabla sijaota mvi. "Kula, mimi naangalia barabara."

Watu walipita wakiuliza, "Mwalimu, mvua iko wapi?" Nawe, kwa sauti ile ile ya darasa la jiografia, ukawajibu, "Imetoka Bahari ya Hindi. Imefika Garbatulla. Lakini mnajua barabara ya huko, itachelewa kidogo." Mimi nyuma ya mwavuli nilikuwa nakaribia kupaliwa kwa kicheko. Nilipomaliza uligeuka, ukanikagua ndevu. "Mayonezi, kulia." Kisha ukafunga mwavuli, ukachukua yako mezani kwa Halima, tukaondoka ukitafuna. Ikawa desturi yetu. Halima, ambaye mimi nilimfundisha kemia na wewe jiografia na ambaye hakupenda hata moja, akawa akituona kwa mbali anaweka nyama mbili kwenye chuma bila kuuliza.

Basi siku hamu iliponishika nilikwenda kwa Halima peke yangu nikamwambia anifungie nipeleke nyumbani. Alinitazama. "Mwalimu, hii ukipeleka nyumbani itakuwa uji." Nilijua kuliko yeye kwa nini itakuwa uji, lakini nilisisitiza. Nikaipakata juu ya bodaboda kama mtoto mchanga. Nyumbani nikaweka sahani mezani, nikaketi nimeelekea ukuta, nikafungua karatasi. Mkate ulinibaki vidoleni. Nilikula kidogo, iliyobaki nikampa paka wa jirani, na hata yeye alianza kwa kula nyama.

Safari ya pili nilijaribu ule mkahawa mpya wenye vioo na televisheni. Kule mtu hukaa ndani, hakuna aibu. Baga yao ni ndefu, imechomwa kijiti juu isianguke, na inafanana na picha iliyo ukutani. Ni nyama ya ng'ombe, laini, haina kosa, na haina la kusema. Kijana anayehudumu alikuja kwa adabu akaniuliza, "Mzee, kuna mtu unangojea?" Sijui kwa nini nilimwambia ndiyo. Akaniletea sahani ya pili na kitambaa cha karatasi, akaviweka mbele ya kiti kitupu. Nikaona haya kuondoka mapema, nikakaa mpaka soda ikaisha gesi.

Ningeacha hapo. Lakini shemeji Esther, mkeo, alikuja kutoka Bulla Pesa kunijulia hali, amebeba ule mwavuli. "Chukua, shemeji," aliniambia. "Mimi huu haujanifunika hata siku moja. Nilikuwa nadhani ni wa mvua, mpaka Halima aliponieleza siku ya mazishi." Alicheka, kisha akalia, kisha akaniomba chai. Yuko salama, Ekiru. Anasema nyumba imekuwa na nafasi nyingi mno.

Jana baada ya swala ya alasiri nikaubeba mwavuli, nikatembea kwa miguu hadi kwa Halima. Alipouona mkononi mwangu aliacha kukata vitunguu. "Mbili, Mwalimu?" Mdomo wake ulitangulia. Nikamwambia, "Moja." Akaweka moja. Chuma kile ni kikubwa, na nyama moja juu yake ilionekana kama imepotea njia.

Nilikuwa na mpango. Ningefungua mwavuli kwa mkono wa kushoto, nikale kwa mkono wa kulia, nijifiche mwenyewe. Hebu fikiri, mimi niliyefundisha watoto kupanga jaribio kabla ya kuwasha moto! Baga ni chakula cha mikono miwili. Ukiishika kwa mmoja, vidole vinabana mbele na vitu vinatokea nyuma. Kabla sijauma vizuri, nyanya iliteleza, sosi ikaifuata, na upepo ukaukamata mwavuli ule upande wenye ubavu uliovunjika. Kanzu yangu nyeupe ikawa na ramani. Halima aliangua kicheko, kisha akaugeukia moto haraka, akainama kama anayetafuta kitu. Nikairudisha baga mezani kwake ndani ya karatasi, nikafunga mwavuli. Niliona nimekuja kuthibitisha tu kwamba jambo hili haliwezekani bila wewe.

Nilikuwa nageuka kwenda nyumbani nilipomwona mzee mmoja. Kikoi, fimbo, viatu vyenye vumbi la safari. Mtu aliyeleta mbuzi mnadani. Halima alikuwa amempa baga yake, naye ameishika kwa mikono miwili kama kikombe. Akaenda nyuma ya kibanda, akakuta wanawake wa maziwa wamekaa. Akaenda upande wa msikiti, akakuta vijana. Akarudi. Alitazama kulia, akatazama kushoto, na mkono ukakataa kupanda mdomoni. Sikumjua, Ekiru, lakini hali ile niliijua.

Nikafungua mwavuli, nikasimama mbele yake, mgongo wangu kwake, uso wangu barabarani.

Alishtuka. "Mzee mwenzangu, mvua iko wapi?"

"Imefika Garbatulla," nikamjibu.

"Mimi nimetoka Garbatulla leo asubuhi. Huko ni vumbi tu."

"Basi mmepishana njiani. Kula, Jarsa. Mimi naangalia barabara."

Nikasikia karatasi ikifunguliwa, kisha kutafuna, kisha ule mguno wa chini ambao bila shaka hata mimi nilikuwa nautoa nyuma yako. Baadaye akauliza, "Hii ni ngamia?" Nikamwambia ni ngamia. "Wamemfanya nini mpaka akawa laini hivi?" Unanijua. Nilianza kumweleza habari za nundu bila kugeuka, na sijui kama alisikiliza, kwa sababu alikuwa anakula. Nilisimama pale mkono ukiniuma, bega likiwaka, jua limenielekea machoni. Sikujua kama mwavuli ule ni mzito hivyo. Hukuwahi kuubadilisha mkono mbele yangu.

Alipomaliza niligeuka nikamkagua. "Mayonezi, kushoto." Akajifuta. Akauliza mwavuli ni wa nani, nikamwambia ni wa rafiki yangu aliyefariki. Akasema, "Mungu amrehemu, alikuwa na rafiki," akanipa mkono, akaondoka upesi maana gari la kurudi lilikuwa linapiga honi. Sikumuuliza jina.

Nikaenda mezani kuchukua baga yangu. Ilikuwa imepoa. Ukoko umelegea, mafuta yameganda meupe kwenye karatasi, mkate umeshikana na nyama. Nikauma. Na ndipo nilipoelewa, nikiwa na kipande kile baridi mdomoni, kwamba hii ndiyo baga uliyokuwa ukila wewe. Halima alizitoa mbili motoni kwa pamoja. Moja ilikwenda kwangu. Ya pili ilingoja mezani, mpaka nimalize, mpaka nijifute ndevu, ndipo ukafunga mwavuli. Ulikuwa ukitembea nami ukitafuna na kusema, "Leo Halima amepatia." Kila mara ulisema amepatia.

Hukuwahi kuijua ladha yake ikiwa moto, Ekiru. Au uliijua, ukaona haina haja.

Sikufungua mwavuli. Niliusimamisha kando ya meza ya Halima, nikala nimesimama, uso barabarani, mikono miwili. Watu walipita. Aliyekuwa mwanafunzi wangu akanisalimia kwa heshima, nikamjibu mdomo umejaa. Walioniona waliona mzee asiye na mtu wa kula naye, na hawakukosea. Sikuona aibu. Nilikula yote mpaka karatasi ikabaki na mafuta tu. Halima alinyoosha kidole kwenye ndevu zake asizokuwa nazo, upande wa kulia, nikajifuta.

Hamu ya baga imeisha. Ile nyingine nimerudi nayo nyumbani.

Sasa nikuage, kwa sababu muadhini ameanza na wino wangu hauandiki vizuri nikiwa na haraka. Nakuahidi haya. Mwavuli nitautengeneza ule ubavu, na nitakuwa naubeba kila nikienda kwa Halima. Nikimkuta mtu ameshika baga yake kama kikombe, nitasimama mbele yake, na yangu itangoja mezani. Na mvua itakapofika kweli kutoka Garbatulla, nitakuja kaburini kwako na mwavuli huu, nisimame upande wa upepo, nikuambie barabara ilikuwa mbaya lakini imefika.

Hali ya hewa leo ni jua kali. Salaam aleikum, ndugu yangu. Nimejipa mwenyewe salamu yangu, kwa kuwa aliyekuwa akinipa hayupo.

Jarsa wako,
Guyo