Karatasi ya Siku ya Tisa

Dzaleka, Jumanne

Bado namsikia Désiré, fundi wa maabara, akinisingizia mbele ya daktari: "Huyu karani wa kambi njo alichanganya vichupa."

Mwongo. Alizipima seli za misuli siku ya tisa badala ya kumi na nne, na protini za juu yake zikaonyesha kuwa bado ni seli shina, hazijageuka kuwa misuli. Kisha akaniambia, "Mudogo, andika kumi na ine. Nani ataona?"

Kwa woga, niliandika. Lakini karatasi ya kwanza, ya siku ya tisa, yenye sahihi yake, sikuichana. Iko chini ya gunia la unga la mama.

Nikifukuzwa, sina tena kibali cha kutoka kambini kwenda maabara Lilongwe. Naogopa sana.

Kesho nampa daktari karatasi hiyo. Mwandiko wa uongo ni wangu, basi tutaanguka wote wawili. Ila Désiré atatangulia.