Mfalme Aliyeulizia Mkate

Jumapili, Ngoingwa. Baridi ya Julai imeingia mpaka kwa mifupa, na jua halijaonekana tangu Ijumaa. Lakini leo nimecheka hadi mbavu zikauma.

Asubuhi nilimpeleka Baba hadi Ruiru, kwa ndugu yangu Kamau. Alikuwa ametuita kwa jambo moja: anataka kufuta kile kipindi chetu cha vichekesho kwenye mtandao. Siku hizi anatengenezea kampuni matangazo, na anaogopa wateja watakiona.

Tulikirekodi nyuma ya nyumba yetu ya zamani kule Kamenu, tukiwa tumemaliza shule na hatuna kazi. Safari za anga za juu, bila pesa. Chombo chetu kilikuwa tangi la maji lililopasuka, na kofia za wanaanga zilikuwa sufuria za jikoni. Baba, aliyekuwa fundi wa mashine kiwandani, alicheza mfalme wa sayari ya mbali.

Kusema ukweli, Kamau ana sababu ya kuona aibu. Sauti ni mbovu; jogoo wa jirani anawika katikati ya anga. Hadithi nayo ilipotelea njiani. Adui yetu mkuu alipata kazi, akahama, na kuanzia hapo hakuna anayejua tunapigana na nani. Na tangi linatikisika hata likiwa limeshatua.

Lakini utani ulikuwa wetu wenyewe.

Na kulikuwa na Baba. Alikataa kabisa kukariri maneno. Wanaanga wanatua, wanapiga magoti, naye anawakazia macho, kisha: "Mmetoka huko mbali duniani, mkaja kwa watu mikono mitupu? Hata mkate?"

Kamau, nyuma ya kamera, anasikika akijizuia kucheka.

Tangu kiharusi kimpate mwaka jana, Baba haongei. Niliogopa kumwonyesha kipindi hicho. Nilidhani kuisikia sauti yake kutamuumiza. Kamau akasema tukitazame mara ya mwisho, ndipo tukifute.

Mfalme alipoulizia mkate, Baba alitikisika kwenye kiti. Nikamshika mkono haraka.

Kumbe anacheka.

Kicheko hakikuwa na sauti, lakini machozi yalimtoka, na kidole kilielekea kwenye skrini: rudisha. Tukarudisha, tena na tena.

Kamau alitoka nje, akakaa huko kidogo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akachuchumaa mbele ya Baba.

"Baba, nikifute?"

Baba akatikisa kichwa. Hapana.

"Basi turekodi kingine? Nataka kujua huyo mfalme aliishia wapi."

Baba akagusa mdomo wake, kisha akapunga mkono. Haiwezekani.

"Mfalme si lazima aongee," Kamau akamwambia. "Wewe utakaa tu, uwaangalie vibaya."

Baba akamwangalia vibaya.

Tulicheka sote watatu mpaka mke wa Kamau akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Jumamosi tunarekodi. Hatuna hadithi, hatuna tangi, na mimi sijui kama bado naweza kuigiza. Jioni hii nilipompelekea Baba chai, nilimkuta ameketi kitandani, mashati yake yote ameyatandaza, anayageuza moja moja kwa mkono wa kushoto.

Nilitaka kumsaidia. Nikamwacha achague mwenyewe.